Wino wa Rehema: Kalamu ya Rais wa Marekani na Mizani ya Haki

Katika Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 kuna maneno machache, kwenye Ibara ya Pili, yanayompa Rais mamlaka ya kusamehe makosa yote yaliyotendwa dhidi ya Muungano, isipokuwa katika mashauri ya bungeni ya kumwondoa kiongozi madarakani. Maneno hayo hayasemi Rais asamehe kwa sababu gani, wala ashauriane na nani, wala kama ni lazima asubiri hukumu. Hayamtaki hata atoe maelezo. Nchi iliyopigana vita ili iondokane na mfalme iliamua kubakiza kipande kimoja cha ufalme, ikamkabidhi raia mmoja pamoja na kalamu.

Kila ninapofundisha mada ya mgawanyo wa madaraka, hapakosekani mwanafunzi wa kuuliza: uhuru wa mahakama una maana gani iwapo mtu mmoja anaweza kuifuta hukumu kwa saini? Swali hilo si la kitoto, wala halijibiwi kwa kunukuu kifungu cha katiba. Naona njia bora ya kulijibu ni kuzitazama hati zenyewe, yaani nani alisamehewa, lini, na nani aliyekuwa karibu na meza wakati kalamu inashushwa.

Ubishi huu una umri sawa na Katiba yenyewe. George Mason wa Virginia alikataa kuisaini, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa hofu kwamba Rais anaweza kuwasamehe watu waliotenda uhalifu kwa kuchochewa na yeye mwenyewe, na hivyo kuuzika ushahidi dhidi yake. Alexander Hamilton alijibu mwaka 1788 kwamba sheria ya jinai bila mlango wa huruma ingekuwa na uso wa ukatili mno, na kwamba mtu mmoja anayejua kuwa uhai wa mwenzake umo mikononi mwake huwa mwangalifu kuliko baraza la watu wengi, ambao hutiana moyo katika ukaidi. Akaongeza kwamba wakati wa maasi, msamaha unaotolewa kwa wakati unaofaa unaweza kurejesha utulivu.

George Washington alikuwa wa kwanza kuijaribu hoja hiyo. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania waliasi mwaka 1794 kupinga kodi ya pombe kali. Wawili walitiwa hatiani kwa uhaini na kuhukumiwa kunyongwa, na mwaka 1795 Washington aliwasamehe. Serikali ilikuwa imekwisha kuonyesha nguvu zake kwa kupeleka jeshi, kwa hiyo haikuhitaji tena maiti mbili ili iaminike.

Lakini hati inayonishughulisha zaidi ni ya Abraham Lincoln. Mwaka 1862, baada ya vita kati ya Wadakota na walowezi katika jimbo la Minnesota, tume ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 303. Baadhi ya kesi zilichukua dakika chache tu, na washtakiwa hawakuwa na mawakili. Lincoln aliagiza kumbukumbu zote za kesi ziletwe mezani kwake. Akatenganisha waliothibitika kuua au kudhulumu raia na wale waliopigana vitani tu, kisha akaandika kwa mkono wake majina ya watu 39, jina baada ya jina, katika lugha asiyoijua. Mmoja aliahirishiwa adhabu baadaye. Tarehe 26 Desemba 1862 watu 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na hadi leo hakujatokea kunyonga kwa halaiki kukubwa kuliko huko katika historia ya Marekani. Miongoni mwao alikuwamo mtu ambaye Lincoln alikuwa amemnusuru, majina yalichanganywa.

Siku sita baadaye, tarehe 1 Januari 1863, mkono uleule ulisaini Tangazo la Ukombozi wa watumwa. Inasimuliwa kwamba Lincoln alisita kidogo kabla ya kusaini, kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka kwa kusalimiana na wageni wa mwaka mpya, naye hakutaka saini itetemeke, watu wakadhani alikuwa na shaka. Tukiitazama orodha ya Mankato tunaweza kuuliza: je, huyu ni mtu aliyeokoa zaidi ya watu 260, au ni mtu aliyewanyongesha 38 kwa hukumu za mahakama ambayo mwenyewe aliona haikustahili kuaminiwa? Nadhani ni yote mawili. Rehema yake ilifika pale ambapo siasa za wakati ule zilimruhusu kufika, au hatua chache mbele yake. Wadakota waliobaki hawakupata haki. Walipata uhai, kisha wakafukuzwa katika ardhi yao.

Marehemu mjomba wangu alikuwa askari magereza kwa miaka mingi. Alitusimulia kwamba usiku wa kuamkia sikukuu ya taifa wafungwa hawalali. Kila mmoja hutega sikio asikie kama jina lake limo katika orodha ya msamaha. Alisema waliokuwa na matumaini zaidi hawakuwa wale wenye makosa madogo, bali wale waliokuwa na mtu huko nje wa kuwaandikia barua. Kauli hiyo ya mzee aliyeishia darasa la saba imenifundisha kuhusu mamlaka ya msamaha kuliko sura nyingi za vitabu vya sheria.

Maana historia ya Marekani inaithibitisha. Eugene Debs, kiongozi wa wasoshalisti, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa hotuba ya kupinga vita aliyoitoa mwaka 1918. Rais Woodrow Wilson alikataa katakata kumwachilia. Debs aligombea urais mwaka 1920 akiwa gerezani Atlanta, akapata kura zaidi ya laki tisa. Ni Warren Harding, mtu wa mrengo tofauti kabisa, aliyempunguzia adhabu akatoka siku ya Krismasi ya mwaka 1921. Marcus Garvey naye, ambaye fikra zake zilimwasha Kwame Nkrumah na vijana wengine wa Afrika, alitiwa hatiani mwaka 1923. Calvin Coolidge alimpunguzia kifungo mwaka 1927, lakini akarudishwa Jamaica. Msamaha kamili ulisainiwa na Joe Biden tarehe 19 Januari 2025, miaka karibu 85 baada ya Garvey kufariki London.

Wakati Garvey anangoja kaburini, wengine hawakungoja hata kushtakiwa. Tarehe 8 Septemba 1974 Gerald Ford alimsamehe Richard Nixon makosa yote aliyotenda, au huenda aliyatenda, akiwa Rais. Ford alisema nchi ilihitaji kupona, nami sidharau sababu hiyo. Aliilipia mwaka 1976 aliposhindwa uchaguzi. Lakini mkesha wa Krismasi ya mwaka 1992, George H. W. Bush, akiwa amekwisha kushindwa uchaguzi, alimsamehe Caspar Weinberger, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, pamoja na wengine watano katika kashfa ya kuiuzia Iran silaha na kuwafadhili waasi wa Nikaragua. Kesi ya Weinberger ilikuwa haijasikilizwa, na Bush mwenyewe alikuwa Makamu wa Rais wakati mambo hayo yanatendeka. Hofu ya Mason ilikuwa imepata mwili. Tarehe 20 Januari 2001, siku ya mwisho ya Bill Clinton, msamaha ulimfikia Marc Rich, tajiri aliyekimbilia Uswisi kukwepa mashtaka, na ambaye aliyekuwa mkewe alikichangia chama cha Rais fedha nyingi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Katika miaka ya karibuni pazia limeondolewa kabisa. Desemba 2024 Biden alimsamehe mwanawe, baada ya kusema hadharani kwamba hangefanya hivyo. Mwezi huohuo akawabadilishia adhabu watu 37 kati ya 40 waliokuwa wakingoja kifo katika magereza ya serikali kuu. Tarehe 20 Januari 2025 Donald Trump, siku yake ya kwanza, aliwasamehe watu wapatao 1,500 waliohusishwa na uvamizi wa jengo la Bunge la nchi yao wa tarehe 6 Januari 2021, uvamizi uliofanywa kwa ajili yake. Ukimwuliza shabiki wa upande wowote, atakuambia msamaha wa upande wake ni huruma na wa upande wa pili ni ufisadi.

Je, kuna kipimo kisichotegemea ushabiki? Mahakama ya Juu ya Marekani imewahi kutoa majibu mawili. Mwaka 1833, katika shauri la George Wilson aliyekataa msamaha wa Rais Andrew Jackson, Jaji Mkuu John Marshall aliuona msamaha kama zawadi: tendo la hisani la mtu kwa mtu, lisilokamilika mpaka lipokelewe. Mwaka 1927 mahakama hiyohiyo, kwa kalamu ya Jaji Oliver Wendell Holmes, ilisema vingine: msamaha si hisani ya mwenye cheo, bali ni sehemu ya utaratibu wa Katiba, uamuzi kwamba maslahi ya umma yatatimizwa vyema kwa kupunguza adhabu kuliko kwa kuitekeleza. Mimi nasimama na jibu la pili. Zawadi haihojiwi, lakini kazi ya umma huhojiwa.

Na sisi je? Mamlaka haya yalitufikia kwa njia ileile, kutoka kwa taji la Uingereza. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania inamruhusu Rais kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama, na inaliruhusu Bunge kuweka utaratibu. Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka Rais afuate ushauri wa kamati, ambayo inaweza kuzingatia maoni ya walioathirika na kosa. Kwa maandishi, tuna vizuizi ambavyo Wamarekani hawana. Angalau hukumu kwanza, msamaha baadaye.

Kuna saini nyingine ya Bush, ya mwaka 1990. Ilikuwa chini ya barua fupi iliyotumwa pamoja na hundi ya dola 20,000 kwa Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa kambini bila kosa, kutokana na amri aliyoisaini Franklin Roosevelt mwaka 1942. Watu wapatao 120,000 walikuwa wameathirika. Wengi walikwisha kufa. Safari hiyo dola ndiyo iliyokuwa mkosaji, na Rais aliandika kwa niaba yake.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu namjibu hivi: uache mlango wa rehema, kwa sababu mahakama hukosea na waliokufa hawarudi, lakini dai orodha ichapishwe pamoja na sababu zake, uisome jina kwa jina. Ukikuta humo mtu asiye na fedha, asiye na jamaa Ikulu, wala asiye na mtu wa kumwandikia barua, hapo kalamu ilifanya kazi ya umma. Usipomkuta hata mmoja, endelea kuuliza.