Barua kwa Mpwa Wangu Kuhusu Raba za Breki

Kawajense, Mpanda

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesikia unabeba mpunga kutoka Kakese kuja mjini kwa ile baiskeli ya Phoenix, na kwamba breki zikikataa unakanyaga tairi kwa kandambili. Habari hiyo imeninyima usingizi. Gunia likishika kasi mteremkoni, mguu hausimamishi kitu, unavunjika tu.

Pindua baiskeli leo uzitazame raba. Mistari yake ikiwa imefutika, au ukisikia chuma kinakwaruza ringi, zimekwisha. Nunua zote nne, wala usikubali kuchongewa kipande cha tairi kuukuu, maana kinateleza na kuchomoka.

Kabla hujafungua nati, zungusha gurudumu. Ringi ikiyumba, kaza spoku kwanza, la sivyo utahangaika na breki mpaka jioni. Ifute ringi vumbi na mafuta kwa kitambaa kikavu. Unapopaka mnyororo mafuta, tone lisiguse ringi kabisa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa hata mafundi hukosea. Kibati kinachoshika raba kina upande mmoja uliozibwa na mwingine ulio wazi. Ule uliozibwa uelekee kule ringi inakokwenda inapopita kwenye raba. Ukiugeuza, raba itakaa vizuri siku zote za kubana polepole, kisha siku utakayobana kwa nguvu ringi itaivuta ichomoke yote, na hiyo ndiyo siku unayoihitaji. Kwa hiyo zungusha gurudumu kwa mkono kama linavyokwenda mbele, lifuate kwa macho, ndipo ufunge.

Breki zako ni za fimbo, zinabana ringi kwa ndani, upande wa spoku. Legeza nati ya kiungo cha fimbo, sogeza raba zibakize nafasi ya milimita 2 au 3, kaza. Raba ya kushoto na ya kulia ziguse ringi kwa pamoja. Ukibana, mkono wa breki usifike kwenye usukani.

Kisha jaribu bila mzigo: sukuma baiskeli ukitembea, ubane ya nyuma, gurudumu ligome kuzunguka. Fanya hivyo na ya mbele. Ndipo ufunge gunia.

Mvua za Novemba zikianza, ringi ya chuma ikilowa haishiki kama kavu. Anza kubana mapema, taratibu, raba ziifute maji kabla hujafika mteremkoni. Ukifika nyumbani chokoa changarawe zilizonasa kwenye raba kwa msumari mwembamba, zinakula ringi.

Spana namba 8 na namba 10 nimempa kijana wa jirani anayekuja huko Jumamosi. Mpaka uzipate, usibebe gunia, sukuma.

Mjomba wako