Maikrowevu ya Ukutani: Kipi Uguse, Kipi Uache (Sehemu ya 9)

Tangu niandike ile sehemu ya mtungi wa gesi, mmeniuliza sana kuhusu maikrowevu, hasa hizi zinazochomekwa ndani ya kabati la jikoni. Siku hizi unapanga nyumba unaikuta imo humo humo, huna kwa kuihamishia. Ikianza kupiga cheche au kugoma kupasha, mtu anatafuta bisibisi. Mimi ni nesi, si fundi umeme, ila naomba tuongee vizuri kabla bisibisi haijafika.

Tuanze na unayoweza kufanya mwenyewe, maana ni mengi.

Usafi kwanza. Chukua bakuli la kioo lisilopasuka kwa moto, weka maji vikombe viwili na ndimu iliyokatwa, tumbukiza na mwiko wa mti. Huo mwiko si pambo. Maji kwenye maikrowevu yanaweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa yametulia tuli, halafu ukiyagusa tu yanakurukia usoni. Washa dakika 3 hadi 5, zima, acha mlango umefungwa dakika 5 nyingine. Mvuke utalainisha mafuta yote, unafuta kwa kitambaa. Usikwangue kwa steelwire. Ukichubua rangi ya ndani, chuma kinapata kutu na cheche zinaanza.

Pili, mika. Ukutani kwa ndani, mara nyingi upande wa kulia, kuna kipande kama karatasi ngumu ya kijivu au kahawia. Hapo ndipo mawimbi yanapotokea. Mchuzi ukirukia pale na kuungua, unageuka mkaa, na mkaa unapiga cheche. Watu wengi wakiona cheche wanadhani mashine imekufa, kumbe ni hiyo mika tu. Zima umeme, ifute taratibu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikiwa imetoboka, nunua nyingine, ikate kwa mkasi ilingane na ya zamani, irudishe. Kama yako inafikika kwa ndani bila kufungua bodi, hiyo ni kazi yako. Ila usiwashe bila mika, na usizibe pale kwa karatasi ya alumini!

Tatu, sahani na kigurudumu chake. Sahani isipozunguka, ondoa vyote, osha, kausha, rudisha. Mara nyingi ni punje ya wali tu imekwama.

Nne, mlango. Futa ukingo wake uliojaa mafuta. Mlango ukilegea, ukipinda au kioo kikipasuka, acha kuitumia mpaka ikaguliwe.

Tano, hewa. Hizi za kwenye kabati zinapumua kupitia matundu ya mbele au nyuma. Ukijaza mifuko ya nailoni na vitambaa pembeni, inapata joto kali, inajizima yenyewe, na wewe unasema mbovu.

Sasa mpaka wenyewe. Mpaka ni ile bodi ya nje, ya bati. Ukishafungua skrubu zake, umeingia kwingine kabisa.

Mdogo wangu wa kiume ni fundi simu, mkono wake mwepesi na ndugu wote tunamtegemea. Yangu ilipogoma kupasha, alikuja na begi lake.

"Dada, ni skrubu chache tu, nimeangalia video. Fyuzi ya ndani hiyo."

"Umezima umeme?"

"Nimechomoa tangu asubuhi, dada. Haina kitu humo."

Hapo ndipo nilipomkalisha chini. Umeme wa ukutani ni volti 230. Ndani ya maikrowevu nyingi kuna transfoma inayoupandisha kupita volti 2,000, na kuna kapasita inayohifadhi chaji. Ukichomoa plagi, ile chaji inaweza kubaki. Kapasita nyingi zina kipande cha kuimaliza taratibu, lakini nacho kinakufa kama kifaa chochote, na ukikitazama kwa macho huwezi kujua.

Nikamwambia: wodini tuna mashine ya kushtua moyo. Nayo ina kapasita. Kabla ya kubonyeza tunapaza sauti, "Kaeni mbali!", na hakuna mtu kugusa kitanda. Ya maikrowevu ina chaji ndogo kuliko hiyo, sawa, lakini inaweza kupita mkono hadi mkono, katikati ukiwepo moyo, na humo ndani hakuna wa kukupigia kelele ukae mbali.

Alinuna kidogo. Mtu mwenye ujuzi kumwambia aache kunauma, najua. Lakini kuna vidonda vya umeme nimevisafisha: nje alama ndogo kama ya sigara, ndani misuli imeungua, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, na tunapigania figo. Sikutaka mdogo wangu awe mgonjwa wa kitanda hicho kwa ajili ya kupasha kiporo.

Tukamwita fundi wa hivi vitu. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kufungua bodi ni kuimaliza ile kapasita. Tatizo halikuwa fyuzi peke yake. Swichi ya mlango ilikuwa imeungua na ndiyo iliyokuwa imekata fyuzi. Hizo swichi ndizo zinazozima mawimbi ukifungua mlango. Anayeziunganisha moja kwa moja ili "iwake tu" amekuachia mashine inayoweza kuwaka mlango ukiwa wazi. Mdogo wangu alisimama pembeni akauliza maswali mpaka fundi akacheka. Mika mpya aliikata yeye.

Mwisho, mtu akinaswa na umeme: usimguse. Zima swichi kubwa kwanza. Akiwa haitiki na hapumui vizuri, ita msaada, anza kukandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Sehemu iliyoungua, akishakuwa mbali na umeme, mwagia maji baridi ya bomba dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta. Na hata akisimama akasema "niko poa", mpeleke hospitali moyo ukapimwe.

Kwa hiyo leo usiku kabla ya kulala, nenda kaangalie swichi kubwa ya kwenu iko wapi, na uwaonyeshe wote mnaoishi nao, dada wa kazi na watoto wakubwa wakiwemo. Sehemu ya 10 tutaongelea pasi na nyaya zilizochubuka. Niandikieni hapo chini, kwenu swichi iko wapi?