Mto wa Ngara na Matumbawe ya Malindi

Ikiwa Jumapili hii huna nauli ya kwenda pwani, usihuzunike. Panda matatu hadi Ngara, shukia pale Globe, kisha teremka polepole hadi mtoni. Juu yako kuna kilima cha Makumbusho ya Taifa, na kando ya maji kuna bustani ya kumbukumbu ya John Michuki, yule waziri aliyewakalia ngumu wachafuzi wa mto huu kabla ya kufariki mwaka 2012. Nyuma yako wauza mitumba wananadi, na upande wa Barabara ya Kirinyaga mafundi wa magari wanagonga mabati. Tazama maji. Wakati wa mvua huwa na rangi ya chai ya maziwa, na juu yake huelea chupa, mifuko, na pengine kiatu kimoja. (Sijui kwa nini huwa ni kimoja kila mara.)

Je, umewahi kujiuliza maji hayo huenda wapi?

Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu. Ukishapita hapa Ngara hushuka Gikomba na mitaa ya Eastlands, halafu huingia katika Mto Athi. Athi nao huporomoka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, ukazunguka Ukambani na kuifuata nyanda ya Yatta. Ndani ya Tsavo hukutana na Mto Tsavo, na kuanzia hapo huitwa Galana. Ukikaribia bahari hubadilisha jina tena ukawa Sabaki, na humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Basi wewe uliyesimama darajani Ngara umesimama kwenye mto wa Malindi, ingawa majina yametuficha jambo hilo.

Na Malindi ndiko kwenye matumbawe. Hifadhi ya bahari ya Malindi na ile ya Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza za aina hiyo nchini Kenya. Wavuvi waliokuwa wakitega madema na kuvuta nyavu mahali pale tangu enzi za mababu waliambiwa watoke. Usidhani lilikuwa jambo dogo kwa mtu ambaye shamba lake ni mwamba.

Je, kulikuwa na faida? Hapo ndipo wataalamu walipopata kazi. Katika miaka ya 1980 Nyawira Muthiga na Tim McClanahan walianza kupiga mbizi na kuhesabu: samaki wangapi, matumbawe kiasi gani, na wale wanyama wa duara wenye miiba, tuwaite nungunungu wa bahari, wangapi katika kila kipande cha mwamba. Walilinganisha miamba iliyohifadhiwa na ile iliyovuliwa. Palipovuliwa sana, nungunungu walikuwa wamejaa tele na matumbawe yametafunwa. Ndani ya hifadhi walikuwa haba. Sababu? Samaki aina ya kikande, mwenye meno ya kuvunja miiba, ndiye huwala. Mvuvi akimmaliza kikande, nungunungu huzaana bila adui, na katika kujitafutia chakula huusaga mwamba hadi unachakaa. Kwa hiyo kumlinda samaki mmoja ambaye wengi hawamthamini sokoni ni kuulinda mwamba mzima. Askari wa doria asingelijua hilo kwa kutazama juu ya maji. Muthiga mwenyewe baadaye alifanya kazi katika shirika la KWS, linalosimamia hifadhi hizi, na hivyo hesabu za watafiti zikaingia ofisini mwa wanaotoa amri.

Lakini tope halikamatwi na askari.

Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na mimea midogo mno ndani ya miili yao, na mimea hiyo huhitaji jua. Maji yakiwa mazito, jua halifiki. Tope likitua, linawafunika. Malindi wamebahatika kiasi: McClanahan na David Obura walipochunguza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, waliona kwamba matumbawe hayakuwa yamekufa yote, bali zile aina zinazovumilia tope ndizo zilizokuwa zimeshika nafasi.

Tope hilo limeanza lini? Jibu liliandikwa ndani ya tumbawe lenyewe. Tumbawe kubwa hukua kwa matabaka ya kila mwaka, kama mti. Watafiti wakiongozwa na Dominik Fleitmann walitoboa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi wakapima madini ya bariamu, ambayo huletwa na udongo wa mtoni. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2007, yalionyesha kwamba udongo ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi walipofyeka na kulima bara, ukaendelea kuongezeka kadiri watu na mashamba yalivyozidi. Tumbawe limetutunzia daftari la makosa yetu, na hatukulijua.

Nikubali wazi: udongo mwingi hutoka mashambani, si Ngara. Hata hivyo chupa niliyoiona darajani haitoki shambani. Mvuvi wa Malindi amekatazwa kutupa wavu ndani ya hifadhi kwa zaidi ya miaka 50, na mimi wa Nairobi sijawahi kukatazwa kwa dhati kutupa kitu mtoni. Nani kati yetu ameubeba mzigo wa kuhifadhi?

Lipo pia joto, ambalo halina mto wala mpaka. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na mengi yakafa pwani nzima, ndani ya hifadhi na nje.

Ukipata nauli, chagua wakati vizuri. Mvua za vuli zikinyesha bara, pepo za kaskazi huanza kuvuma, na mkondo husukuma tope la Sabaki kusini, moja kwa moja kuelekea hifadhini. Mvua za masika huja na kusi, na tope likaelekea upande wa Ungwana. Ndiyo maana familia nyingi za Nairobi, ambazo hushuka Desemba, hulalamika kwamba maji ya Malindi si safi kama ya kwenye kadi za posta. Muulize nahodha kabla ya kulipia mashua ya kioo. Akikwambia mto umefungua, subiri siku chache, na usimlaumu yeye: maji hayo ulipishana nayo Ngara.