Kila Usiku Unamsikiliza Nani?

Wasiwasi wa jamaa ulianzia kwenye waya mweupe. Kila usiku, taa ikishazimwa, mkewe alikuwa anageukia ukutani, anajifunika khanga mpaka kichwani, na ule waya wa hedifoni unaingia naye humo humo. Anasikiliza kitu. Sio muziki, maana muziki ungechukua muda. Hiki kilikuwa kinaisha haraka, kama dakika mbili hivi, halafu anavua hedifoni, anaziviringisha vizuri na kulala. Siku nyingine jamaa alisikia mtu anacheka kidogo ndani ya khanga. Siku nyingine alisikia mtu anavuta mafua. Sasa mwanaume akiona hivyo, wadau, hesabu anazoanza kupiga mnazijua.

Aliuliza mara moja tu.

"Kila usiku unamsikiliza nani?"

"Simsikilizi mtu."

Jibu baya kuliko yote. Bora hata angedanganya kwamba ni mawaidha.

Ukweli ni kwamba dada huyu alikuwa anamsikiliza baba yake. Mzee aliishi Muheza, Tanga, na alifariki mwaka jana kabla ya Ramadhani. Wiki mbili kabla ya hapo alimtumia binti yake ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika 1 na sekunde 47, kumwambia kwamba ametuma gunia la machungwa kwa basi. Hakuna wosia mle, hakuna siri ya familia. Ni mzee anaelekeza mzigo, anakohoa, jogoo wa jirani anawika nyuma yake. Ila ndiyo sauti pekee iliyobaki.

Kwa nini hakumwambia mumewe? Kwa sababu baada ya arobaini kila mtu alishamwambia inatosha. Mama mkwe ndiye aliyekuja na lile la kwamba kulia sana kunamsumbua marehemu. Akaona isiwe tabu, akahamishia msiba wake ndani ya khanga. Na nyumba yenyewe ni ya kupanga kule Mbagala, dari moja vyumba sita, ukikohoa wa chumba cha mwisho anakuambia pole. Bila hedifoni ile sauti ingekuwa ya ukoo mzima wa wapangaji.

Basi bwana, simu yake ya zamani ikapasuka kioo na betri ikaanza kuvimba. Mume akaichukua asubuhi, akasema anaipeleka Kariakoo kubadilisha kioo. Jioni akarudi na simu nyingine. Alikuwa ameiacha ile ya zamani dukani kule mitaa ya Aggrey, akaongeza laki na ishirini juu, akapewa simu ya mtumba lakini kubwa, kamera nzuri, safi kwa nje. Wengi wangeshangilia. Yeye alikaa chini kitandani akauliza, "Na vitu vyangu vilivyokuwemo?" Mume akasema dukani wameifuta yote, si ndiyo utaratibu.

Hapa jamaa anastahili kusemwa. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba nia haikuwa safi asilimia mia. Alijua kioo kingebadilishika. Alitaka tu hicho kinachosikilizwa usiku kipotee pamoja na simu.

Hakikupotea. Dada aliweka laini yake, akafungua WhatsApp kwa namba ile ile, bakapu ikashuka taratibu kwa bando la jirani, na mazungumzo yote yakarudi. Alipandisha juu mpaka kwa baba. Ile alama ya ujumbe wa sauti ipo, 1:47. Akashusha pumzi. Hakuicheza pale pale, maana shemeji alikuwa sebuleni anajaribu spika ya simu mpya kwa nyimbo za singeli, na simu inapiga kelele vizuri kabisa. Akasema nitasikiliza usiku kama kawaida yangu.

Usiku akachomeka hedifoni. Pini iliingia kwa ugumu fulani, akasukuma mpaka akaona basi. Akaanza na wimbo ili kupima sauti. Ajabu! Ngoma zinasikika, kinanda kinasikika, lakini mwimbaji yuko mbali, kama anaimbia ndani ya kisima. Sehemu nyingine hayupo kabisa. Akadhani ni wimbo umeshushwa vibaya. Akaenda kwa baba, akabonyeza. Mstari unatembea, sekunde zinahesabika, 0:10, 0:30, 1:00, mpaka mwisho. Kimya. Si jogoo, si kikohozi.

Akachomoa hedifoni, akaweka simu sikioni. Kimya. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Kimya. Akazima simu na kuwasha. Ile alama ndogo ya hedifoni ikarudi juu ya kioo wakati hakuna kilichochomekwa.

Siku nne hakusema na mumewe zaidi ya salamu na chakula kipo mezani.

Mtu mwingine angesema kwa nini asiitume ile voisi kwa mdogo wake aliyeko Tanga, aisikilize kule aone kama nzima? Lilimjia hilo wazo. Hakulifanya, kwa sababu kama mdogo wake angejibu "mbona hamna kitu humu," ndiyo basi tena. Alipendelea kubaki na shaka. Na binti wa chumba cha pili, mtaalamu wa kila kitu, alishamchanganya zaidi. Alizichukua hedifoni, akazichomeka kwenye simu yake, zikaimba vizuri masikio yote mawili. Akaangalia kama Bluetooth imewaka, maana siku hizi unaweza kudhani simu imekufa kumbe sauti inatokea kwenye redio ya jirani iliyowahi kuunganishwa. Ilikuwa imezimwa. Akatoa hukumu: hedifoni nzima, simu mpya inaita vizuri ikipigiwa, kwa hiyo kilichokufa ni faili la mzee. Pole dada.

Nusu ya hukumu ile ilikuwa sahihi. Kujaribu hedifoni kwenye simu nyingine ndiyo hatua ya kwanza kabisa, na ingeokoa watu wengi wanaonunua hedifoni mpya kila wiki wakati tatizo liko kwenye simu. Alipokosea ni kwenye ule mlio wa kuita. Simu nyingi za Android zikidhani zimevaa hedifoni, muziki na voisi zinapelekwa kwenye hedifoni tu, lakini mlio wa kuita unaendelea kutokea nje ili usikose simu. Kwa hiyo simu kuita siyo ushahidi wa chochote.

Siku ya tano mume mwenyewe ndiye aliyesema twende kwa fundi. Sio kwa huruma sana. Simu aliyoinunua kwa hela yake haitoi sauti, na duka lilisema mtumba hauna dhamana. Halafu, tuseme ukweli, alitaka kuwepo sauti ikirudi.

Fundi ni kijana ana meza moja pembeni ya duka la nguo, taa ya kumulikia na lenzi ya kukuza. Mbele yao alikuwepo kijana mwingine analalamika amenunua kile kiwaya kifupi, upande mmoja taipu C, upande wa pili tundu la hedifoni, na hakifanyi kazi. Fundi akamweleza kwamba viko vya aina mbili. Kuna chenye chipu ndani inayogeuza sauti ya kidijitali iwe ya kuingia kwenye waya wa kawaida, na kuna kitupu ambacho ni nyaya tu. Baadhi ya simu zinatoa sauti iliyokwisha geuzwa kwenye tundu la chaji, hicho kitupu kinafanya kazi. Nyingine hazitoi, hicho kitupu ni pambo. Kwa nje vinafanana kama mapacha. Haya yote ni tangu makampuni yaanze kuziba matundu; iPhone 7 ya mwaka 2016 ilitoka bila tundu la hedifoni, waliocheka wakati ule nao wakafuata.

"Dada, wewe una bahati, tundu lako lipo," fundi akasema. "Haya, linakusumbuaje?"

Akaeleza. Alipofika kwenye mwimbaji aliyepotea na vinanda vilivyobaki, fundi akatabasamu. Akamwambia achomeke hedifoni, acheze wimbo, kisha abonyeze na kushikilia kile kitufe cha kwenye maiki. Hakuna kilichobadilika. Akasema sawa, basi siyo hedifoni za mpangilio wa zamani. Kuna hedifoni zilizotengenezwa na waya wa maiki na waya wa kurudishia umeme vikiwa vimebadilishana nafasi, na ukizitumia kwenye simu za sasa, ukishika kitufe ndiyo sauti ya mtu inarudi. Ukiachia, inaondoka.

Akachomoa pini akawaonyesha. Ina mistari mitatu myeusi, kwa hiyo imegawanyika vipande vinne: sikio la kushoto, sikio la kulia, njia ya kurudi na maiki. Njia ya kurudi ni moja kwa masikio yote mawili. Isipogusa, umeme wa kushoto unalazimika kupita kwenye sikio la kulia na wa kulia kwenye la kushoto, na kinachobaki kusikika ni tofauti kati yao tu. Sasa kwenye nyimbo nyingi mwimbaji amewekwa katikati, yaani sauti yake iko sawa sawa pande zote. Sawa kutoa sawa ni sifuri. Anapotea. Vinanda vilivyowekwa zaidi upande mmoja vinabaki.

"Na ujumbe wa sauti?" dada akauliza. Wa pembeni wanasema aliuliza kwa sauti ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Voisi inarekodiwa na maiki moja. Kushoto na kulia ni kitu kimoja. Kwa hiyo ndiyo itakayopotea yote, hata isisikike pumzi."

Mume alikuwa ameegemea nguzo, anasikiliza kuliko mwanafunzi.

Fundi akazima simu, akamulika tundu. Mle ndani kulikuwa na kitu kama kijivu kimeshindiliwa mwishoni: nyuzi za mfuko wa suruali wa mwenye simu wa kwanza, miaka yake yote. Pini ya hedifoni ilipoingia ilizisukuma ukutani zikawa kama gundi, ikaishia njiani milimita moja au mbili kabla ya mwisho wake. Kwa hiyo njia ya kurudi haikugusa mahali pake. Na ule uchafu ulibana kile kichuma kinachoiambia simu kwamba kuna kitu kimechomekwa, ndiyo maana hata ikichomolewa simu iliendelea kujiona imevaa.

Hakutumia sindano. Binti wa chumba cha pili alikuwa ameshashauri sindano, na ni bahati kwamba haikupatikana, maana sindano inakwaruza na kupinda vile vichuma, na simu ikiwa imewaka inaweza kuleta hitilafu nyingine. Alichukua kijiti cha meno cha mbao, akakipunguza ncha, akakokota taratibu, akapuliza kwa kile kipira cha mkono, akakokota tena. Kikatoka kidonge cha uchafu ukubwa wa punje ya mtama. Akakiweka kwenye meza kama ushahidi. Elfu tatu.

Akawasha simu. Alama ya hedifoni haikurudi. "Cheza chochote," akasema, na kwa kuwa WhatsApp ilikuwa ndiyo ya mwisho kufunguliwa, dada alibonyeza kile kilichokuwepo mbele yake. Alisahau kwamba sauti ameipandisha mpaka mwisho.

*Asalaam aleikum mama*, ikasema simu, katikati ya Kariakoo. Mzee alimwita binti yake mama kwa sababu amebeba jina la mama yake mzazi. Jogoo akawika. *Machungwa nimeyatuma, yako kwenye gari la asubuhi. Mwambie mkwe wangu awahi pale Mbezi kabla jua halijakaza, machungwa hayataki joto. Na asibebe peke yake, gunia zito lile, mgongo wake najua haupo sawa.*

Kijana wa kiwaya cha taipu C aliangalia pembeni. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Mume alilikumbuka lile gunia. Alilifuata yeye stendi ya Magufuli, akalibeba peke yake, na alilalamika njia nzima mpaka Mbagala kwamba mzee naye, machungwa gani haya wakati sokoni yapo. Voisi ilienda mpaka sekunde ya mwisho hakuna aliyeizima.

"Ndiye huyu kila usiku?" akauliza.

"Ndiye huyu."

Kwenye daladala walikaa siti moja hawakuongea sana. Alipofika nyumbani mume aliomba atumiwe ile voisi kwenye simu yake, ikae sehemu mbili, na mdogo mtu wa Tanga naye akatumiwa usiku ule ule. Akajibu kwa voisi ya kulia tu, sekunde 20.

Simu ya zamani ilishauzwa, haikupatikana tena, na mke hajalimaliza hilo. Lile la "kwenda kubadilisha kioo" linatajwa mpaka leo kila mume akitaka kubeba kitu cha mwenzie kwenda mjini. Ila waya mweupe bado upo. Siku hizi taa ikizimwa jamaa naye anataka sikio moja. Hedifoni zenyewe waya wake mfupi, kwa hiyo khanga haitoshi tena, inabidi wavute shuka.