Moto Hauna Kazi Moja

Sisi tufundishao hapa Izigo tumejifunza kwamba mwalimu naye huweza kusahihishwa na mtoto. Siku moja tulitia sukari katika maji baridi, kisha katika maji ya moto, tukawaonyesha watoto jinsi ilivyoyeyuka upesi katika moto. Tukanena kwa kujiamini, "Kila kitu huyeyuka vema zaidi kwa moto." Wakaandika.

Mtoto mmoja wa kike akainua mkono. "Mwalimu, yai likipasukia katika maji ya moto, mbona ute wake huganda, na katika maji baridi hauwi hivyo?" Hatukuwa na jawabu. Tulimwambia akae.

Jioni tukatafuta vitabuni. Kumbe ute wa yai una polima, yaani chembe zilizoungana kama shanga katika uzi mrefu. Tena iko polima iliyotengenezwa na wataalamu, iitwayo PNIPAM, ambayo Heskins na Guillet walieleza tabia yake mwaka 1968. Maji ya baridi huushika uzi wake, nayo huyeyuka. Joto likipita kadiri ya digrii 32, maji huuachilia, uzi hujikunja, na maji maangavu huwa meupe kama maziwa. Yakipoa, huyeyuka tena. Yai lililoiva halirudi. Basi maji ya chemchemi zetu yangeiyeyusha, na joto la mwili wa mtu lingeitenga.

La ajabu zaidi ni hili: huyeyuka katika maji baridi, huyeyuka pia katika spiriti iitwayo methanoli, lakini vikichanganywa viwili hivyo kwa kadiri fulani, hutengana! Sababu yake wataalamu wangali wakijadiliana.

Wala si mchezo tu. Katika Japani hupaka polima hiyo sahanini, hukuza juu yake utando wa chembe hai kwa joto la mwili. Wakiipoza, utando hubanduka mzima bila kisu. Mwaka 2004 waganga walitangaza kwamba wagonjwa wanne walibandikwa machoni utando uliokuzwa kwa chembe za vinywa vyao wenyewe, wakapata kuona vema zaidi.

Asubuhi tulimwita yule mtoto mbele ya wenzake, tukakiri kosa letu, tukamshukuru. Kisha tukawaambia wote waifute ile sentensi. Kuifuta kulikuwa rahisi. Lakini kule kumwambia akae, hakuna kifutio cha kukuondoa.