Mbao na Chuma

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwaambia vijana waliokuja kwangu kujifunza drams kwamba snea ya mbao na snea ya chuma hazina tofauti ya maana. "Ngoma ni mkono," niliwaambia. Maneno hayo hayakuwa yangu. Niliyarithi kwa mwalimu wangu, mzee mmoja aliyekuwa mpiga drams wa bendi yetu ya dansi mjini Tanga, na niliyarithi pamoja na kiti chake. Namna nilivyokipata kiti hicho ndiyo inayonifanya niandike kurasa hizi.

Kwanza nimweleze msomaji asiyekuwa mwanamuziki. Snea ni ile ngoma fupi, pana kama sinia, ambayo mpiga drams huiweka katikati ya magoti yake. Ina ngozi mbili, ya juu na ya chini, na chini kabisa zimetandazwa nyaya nyembamba, kwa kawaida ishirini, zilizosokotwa kama springi. Fimbo ikigonga ngozi ya juu, hewa iliyomo ndani huisukuma ngozi ya chini, nazo nyaya huirukia. Ndipo unaposikia ule mchakacho wa mchele unaopepetwa kwenye ungo. Ukilegeza kikono cha pembeni, nyaya huachana na ngozi na snea hugeuka kigoma cha kawaida.

Sehemu kubwa ya sauti hutoka kwenye ngozi, wala si kwenye mzinga. Hapo mwalimu wangu alikuwa na haki, au nusu ya haki. Ngozi ikichakaa au ikikazwa vibaya, mzinga wa dhahabu hautakusaidia. Lakini mzinga nao una tabia yake. Wa mbao hunywa kidogo ile sauti ya juu kabisa, mlio ukatoka mnene na kufa mapema. Wa chuma haunywi kitu. Katika bendi yetu ya mbao ilisema "ko!" ikanyamaza. Ya chuma ilisema "kang!", na ile "ng" ikabaki hewani kama glasi iliyogongwa na kijiko.

Nilijiunga na bendi mwaka 1983, nikiwa na miaka ishirini na miwili, si kama mwanamuziki bali kama mbeba vyombo. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, kama ilivyokuwa katika bendi nyingi. Sisi tulikuwa waajiriwa tu, na mtu akiondoka aliondoka na shati lake. Snea yetu ilikuwa ya mbao, ya kampuni ya Premier ya Uingereza, kuukuu. Miaka ile fedha za kigeni zilikuwa adimu na ngozi za plastiki hazikupatikana madukani, kwa hiyo iliyopasuka tuliibandika plasta ya hospitali tukaendelea. Mzee aliipiga snea ile kana kwamba anazungumza nayo. Alikuwa amejifunzia katika beni ya Keya kabla ya uhuru, na huko, alivyonisimulia, alipiga ngoma za kijeshi zenye mizinga ya shaba, kwenye gwaride, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1984 mwenye bendi alirudi safari na snea inayong'aa kama kioo. Ilikuwa Ludwig, kutoka kiwanda cha Chicago, aina ya Supraphonic. Tuliiita "bati". Mimi niliamini ni chuma cha pua mpaka siku moja nilipoijaribu kwa sumaku ya spika iliyokufa, nikaona haishiki. Kumbe ni alumini, ndugu na sufuria za jikoni, iliyopakwa kromu. Aina hiyohiyo, ya kina kirefu zaidi, ndiyo aliyoitumia John Bonham wa Led Zeppelin. Ringo Starr wa Beatles alipiga ya mbao, nayo ikitoka kiwanda hichohicho. Hilo lingetosha kuwanyamazisha wanaosema moja ni bora kuliko nyingine, lakini sisi wanamuziki hatunyamazi kirahisi.

Bati lilikuja wakati wake. Vijana walikuwa wanataka sebene, na ndani ya sebene walitaka kavasha, ule mwendo uliotoka Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, na kuenezwa na Zaiko Langa Langa. Kavasha huiegemea snea. Mkono hautulii, na kila pigo lazima lisikike juu ya magita matatu na tarumbeta. Drams zetu hazikuwa na maikrofoni hata moja. Snea ya mbao ilimezwa, bati halikumezwa. Usiku wa kwanza watu walicheza hadi alfajiri na mwenye bendi akatabasamu.

Tatizo lilikuwa kwenye nyimbo za polepole. Pale mwimbaji anapotaka kuvuta sauti yake nyembamba, ile "ng" ya bati ilikaa juu ya maneno yake. Waimbaji walilalamika. Walimwomba Mzee apunguze mlio. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama kawaida yake, kisha akajibu, "Mlio gani? Mbao na bati ni kitu kimoja. Ngoma ni mkono." Akaendelea kupiga vilevile. Wakamwomba tena, akajibu vilevile. Mwisho wakaona anawadharau. Hata zamani walikuwa wakisema ana kiburi, kwa sababu ukimwamkia kutoka upande wa kushoto alikuwa hajibu.

Mimi niliusikia ule mlio waziwazi. Nilijua pia dawa yake, maana nilikuwa nimeijaribu peke yangu mchana, ukumbi ukiwa mtupu: kipande cha kitambaa, upana wa vidole viwili, unakibandika pembeni mwa ngozi ya juu. Kazi ya dakika mbili. Sikumwambia Mzee. Nilijisemea kwamba mtoto hamfundishi mkubwa wake kazi. Hiyo ilikuwa adabu ya mdomoni. Moyoni nilikuwa nakitazama kile kiti.

Walimwondoa mwezi wa Ramadhani, dansi lilipopungua. Aliniaga bila kinyongo. "Mwanangu," aliniambia, "usiwaache wakubabaishe na vyuma vyao." Usiku wa kwanza nilioketi mahali pake, kitambaa kilikuwa tayari mfukoni mwangu. Nilikibandika kabla ya wimbo wa pili. Waimbaji waligeuka wakanionyesha dole gumba. Mzee alirudi kijijini kwao, na nilipopata habari zake tena zilikuwa za msiba.

Nilipiga bati lile, na mabati mengine baada yake, hadi mwaka 2006. Usiku nne au tano kwa wiki, masaa matano au sita, masikio yangu yakiwa hatua moja kutoka kwenye ngozi. Hatukuziba masikio. Aliyeziba angechekwa.

Mwaka 2022 mjukuu wangu, ambaye naye amenasa katika kazi hii, aliniletea nyumbani snea mbili, moja ya mbao na moja ya chuma. Alizifunga ngozi za aina moja na kuzikaza kwa sauti moja. "Babu, fumba macho," akasema, "nitapiga, utaniambia ipi ni ipi." Nilicheka. Nikafumba macho, akapiga. Nikataja. Akapiga tena, nikataja. Baada ya mapigo kumi nikafumbua macho na kumwona ananitazama kwa huruma. Nilikuwa nimebahatisha.

Nikazilaumu ngozi. Nikamlaumu yeye kwa kukaza vibaya. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa upole, "Lakini Babu, hii ya chuma inaacha mlio. Sikiliza." Akapiga pigo moja akasimama. "Bado unalia," alisema. Mimi nilisikia "ko!" na baada yake kimya.

Hospitali walinifungia vipaza sauti masikioni na kunipa kitufe cha kubonyeza. Karatasi waliyonionyesha ilikuwa na mstari unaokwenda vizuri upande wa sauti nene, kisha, ukikaribia mitetemo 4,000 kwa sekunde, unatumbukia kama mtu aliyekosea ngazi. Daktari aliutazama tu akaniuliza, "Mzee, ulikuwa ukifanya kazi kiwandani?" Alinieleza kuwa makelele huanza kula hapo, na kwamba kilicholiwa hakirudi. Ndiyo maana mke wangu akisema sita mimi hununua tisa.

Njiani kurudi sikuwa nawaza masikio yangu. Nilikuwa namwona Mzee ameinamisha kichwa, akiwauliza waimbaji mlio gani. Tulidhani anawajibu kwa jeuri, kumbe alikuwa anauliza.

Vijana wangu wa zamani nimewatafuta wale ninaoweza kuwapata kwa simu, nikawaambia tofauti ipo na kwamba wazibe masikio. Wengine walidhani nazeeka. Mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nirudie, hakunisikia vizuri.

Mjukuu wangu huja siku za Jumapili na snea yake ya chuma. Naketi karibu naye, naweka vidole viwili kwenye ringi ya juu, akipiga nausikia mtetemo vidoleni. Ndipo nilipokumbuka kwamba Mzee naye alikuwa akiiwekea bati vidole viwili hivyohivyo kabla ya kila wimbo. Tulidhani ni dua. Kisha nachukua kitambaa nakibandika pembeni mwa ngozi, nakisogeza kidogo kidogo, na mtoto ananiambia kinapotosha.