Moto Mkali Si Ushahidi Kwamba Gesi Imejaa

Wasee mnaopanga karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, tuongee kuhusu meko ya kilo 6. Muuzaji anawasha, moto wa bluu unaruka, anakuambia, “Si unaona imejaa?” Zii. Hiyo haionyeshi kitu.

Sekondari tulikariri Boyle, 1662: finya gesi ikae nusu ya nafasi, presha inakuwa mara mbili, bora joto lisibadilike. (Chuo niliacha, hii bado ninayo.) Pampu ya baiskeli inamtii karibu kabisa. Kwa hesabu hiyo, gesi ikibaki nusu kwa mtungi, presha nayo ingeshuka nusu.

Shida ni kwamba sheria hiyo inachukulia molekuli hazivutani. Za propani na butani zinavutana, na ukizifinya vya kutosha zinageuka majimaji. Tikisa mtungi, utasikia yakicheza ndani. Ukipika, majimaji yanatoa mvuke mwingine kujaza pengo, kwa hivyo presha inabaki karibu ile ile hadi yaishe. Iwe kilo 6 au 2, moto unafanana.

Dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwa chuma chake, jumlisha 6. Ikisoma chini ya hapo, usilipe. Duka halina mizani? Vuka barabara.